Ile krimu ya tatu kwa moja: jinsi ya kuipaka bila kujiharibia ngozi

Kama umewahi kuingia duka la dawa ukasema una muwasho sehemu fulani, kuna uwezekano mkubwa ulitoka na katyubu ka gramu 15 na maneno haya, "hii ni tatu kwa moja, inatibu fangasi, bakteria na aleji, paka asubuhi na jioni." Mi kazi yangu ni hapo hapo dirishani kuuza dawa, Tanzania hii hii, na hiyo kauli naisikia kila siku. Sio uongo. Ila imeacha nje ile nusu inayoharibu ngozi za watu, na hiyo nusu ndo nataka tuiongelee, jinsi ya kuipaka, lini usiipake kabisa, na kama umeshaizoea ufanyeje.

Kwanza soma boksi. Jina kubwa la mbele achana nalo, hilo ni la biashara, kila kampuni ina lake. Angalia maandishi madogo chini yake au ubavuni, utakuta majina matatu. Moja linaishia na sone, sol au lone, mfano Betamethasone, Beclomethasone, Clobetasol, Fluocinolone, hiyo ni steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho. La pili linaishia na zole, Clotrimazole, Miconazole, Ketoconazole, hiyo ndo inashughulika na fangasi. La tatu ni Gentamicin au Neomycin, antibayotiki ya bakteria. Kipimo utakachokutana nacho sana ni betamethasoni asilimia 0.05, klotrimazoli asilimia 1 na gentamisini asilimia 0.1, na watu wakiona hiyo 0.05 wanadhani ndo ndogo kuliko zote, kumbe betamethasoni dipropionati iko kwenye daraja la steroidi kali, ile haidrokotizoni ya asilimia 1 tunayowapa watu kwa mambo madogo haifui dafu mbele yake.

Sasa utamu wa hii krimu na ubaya wake vinatoka sehemu moja. Ule wekundu, kuvimba na kuwasha ni mwili wako unapambana, steroidi inauambia mwili tulia, na mwili unatulia kweli, siku mbili tatu tu muwasho umekata na wewe unaona dawa ni kiboko. Fangasi zenyewe bado zipo. Dawa ya fangasi ya kupaka inahitaji wiki mbili mpaka nne kuzimaliza, na hapo steroidi imeshailaza kinga ya ngozi, kwaiyo mtu anapaka siku nne, anaacha, baada ya muda kitu kinarudi na kimetanuka kuliko mwanzo, anarudi dirishani anakwambia "ile dawa ilinisaidia sana, niongezee nyingine." Ndo hapo nachoka. Muwasho kukata sio kupona, na kwenye hii krimu ndo kabisa usipime kwa muwasho.

Madaktari wanalijua hili tangu zamani, mwaka 1968 Ive na Marks wa Uingereza waliandika kuhusu choa kilichopakwa steroidi mpaka kikapoteza sura yake, lile duara lenye ukingo wa magamba huwezi kuliona tena, unaona ngozi imebabuka tu, vipele vimetawanyika, hata mtaalamu anaweza kudhani ni kitu kingine akakupa steroidi nyingine. Na India, ambako tyubu nyingi tunazouziwa huku zinatengenezwa, miaka ya karibuni wamehangaika na fangasi sugu, kuna aina ilipewa jina Trichophyton indotineae mwaka 2020, inagoma hata kwa tebinafini, dawa ya fangasi ambayo ilikuwa tegemeo, na wataalamu wa ngozi wa kule kati ya vitu wanavyovilaumu ni hizi krimu za mchanganyiko kuuzwa kama karanga. Mwaka 2023 Marekani nao wakaripoti wagonjwa wa hiyo aina, New York. Sio mambo ya kutishana, nasema tu ujue kwanini muuza dawa mwingine akikuuliza maswali mengi kabla ya kukuuzia sio kwamba anajifanya mjuaji.

Haya, inafaa wapi? Inafaa pale ambapo kweli kuna vitu viwili au vitatu kwa pamoja. Mfano ukurutu, wengine wanaita pumu ya ngozi, mtu amejikuna mpaka pakachubuka, panatoa majimaji na gamba la rangi kama asali, hapo bakteria wameshaingia. Au fangasi za mapajani zilizovimba na kuwaka moto kiasi kwamba hata kutembea shida. Hapo daktari anaweza kukupa ya mchanganyiko kwa siku chache upate nafuu halafu anakuhamishia kwenye dawa moja. Kama ni choa cha kawaida kwenye mkono, duara moja linawasha kiasi, hauhitaji steroidi wala antibayotiki, unahitaji klotrimazoli peke yake na mara nyingi ni bei chee kuliko hiyo ya mchanganyiko.

Alikuja kijana wa bodaboda, "dada naomba ile tatu kwa moja." Ya nini? "Ya fangasi." Zipo wapi? Akaangalia chini, akaangalia nyuma kuona kama kuna mtu kwenye foleni, "huku… mapajani." Umeshapaka nini? Akatoa mfukoni tyubu imekunjwa kama chapati mpaka shingoni, tupu kabisa, akasema hiyo sio ya kwanza, akimaliza ananunua nyingine maana akiacha tu inarudi. Nikamuuliza ngozi ikoje, akasema imekuwa nyembamba inang'aa na kuna michirizi imetokea kama ya mwanamke aliyejifungua. Hiyo michirizi jamani haifutiki. Kinena, kwapa, chini ya matiti, hizo ni sehemu ngozi ina mkunjo na joto, dawa inaingia zaidi ya ulivyopaka, ndo maana zinaharibika mapema. Sikumuuzia, nilimwelekeza hospitali, na kwa bodaboda mwenye suruali ya jinzi na jasho la kutwa nilimwambia ukweli kwamba bila kubadilisha hiyo nguo ya ndani iwe ya pamba na kavu, hata dawa ya dhahabu haitasaidia.

Sasa tuseme umepimwa, umeambiwa tumia, namna ya kupaka ni hivi. Osha sehemu kwa maji na sabuni isiyo kali, kausha kabisa, na nikisema kabisa namaanisha hata katikati ya vidole vya miguu, kwa taulo lako peke yako. Minya krimu kwenye kidole cha shahada kuanzia nchani mpaka kwenye mstari wa kwanza wa kiungo, hapo umepata karibu nusu gramu. Hicho kipimo kinatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole vyake. Kama tatizo lako ni la kiganja kimoja, nusu ya hapo. Paka nyembamba, sugua taratibu kuelekea vinywele vinakolala, pita kidogo nje ya ukingo wa tatizo maana fangasi zimeshasogea mbele ya unapoona. Ikibaki nyeupe juu ya ngozi umeweka nyingi, na nyingi haiponyeshi haraka, inaharibu haraka. Halafu nawa mikono, isipokuwa kama mikono ndo unayotibu.

Mara mbili kwa siku inatosha, asubuhi na usiku. Ukisahau, paka ukikumbuka, ukikaribia muda wa nyingine iache hiyo, usirundike. Usifunge bandeji wala plastiki juu yake labda daktari amesema, ukifunika unaisukuma dawa iingie mwilini kwa wingi. Kama unapaka na mafuta ya kulainisha ngozi usichanganye kwenye kiganja kimoja, paka kimoja, subiri kama nusu saa, paka kingine.

Hesabu ya tyubu nayo inasaidia sana. Gramu 15 ni vipimo 30 vya kidole, eneo la viganja viwili mara mbili kwa siku ni vipimo viwili, kwaiyo tyubu moja ni wiki mbili. Ukiona imeisha siku ya nne, ama eneo ni kubwa mno kutibiwa hivi ama unapaka kama losheni. Na wiki mbili ndo mwisho kwa mwilini na mapajani, kwenye nyayo daktari anaweza kukuruhusu zaidi. Ukimaliza wiki ya kwanza hamna badiliko lolote usisubiri tyubu iishe, rudi ukaangaliwe upya, inawezekana tangu mwanzo sio ugonjwa mnaoudhania. Ikipoa mapema, siku ya tano au ya saba, uliza kama unaweza kuacha ya mchanganyiko na kuhamia klotrimazoli ya peke yake, na hiyo sasa endelea nayo mpaka wiki mbili baada ya ngozi kuonekana imepona. Hatua hii ndo watu wanairuka na ndo inayowarudisha dirishani.

Kuna tahadhari mbili za pembeni hazisemwi. Krimu za klotrimazoli zinaweza kudhoofisha kondomu za mpira, kwaiyo ukipaka sehemu za siri usiitegemee kondomu kipindi hicho. Na krimu nyingi pamoja na mafuta ya mgando vina parafini, nguo au shuka likishiba hayo mafuta linashika moto upesi, kaa mbali na jiko la mkaa, koroboi na sigara, na fua hizo nguo mara kwa mara.

Wapi usipake kabisa. Usoni, kama haujaandikiwa na anayejua. Hapa najua nagusa watu. Steroidi mwanzoni inafanya uso ung'ae na kuwa mweupe kidogo, chunusi zinazama, ndo maana inachanganywa kwenye mkorogo, wengine wananunua tyubu kadhaa wanakamulia kwenye kopo la losheni. Miezi ikipita uso unakuwa mwekundu, mishipa midogo inaonekana, vipele vinazunguka mdomo, ndevu zinaota kwa dada wa watu, jua likipiga kidogo uso unawaka. Karibu na macho ni mbaya zaidi, matumizi ya muda mrefu yanaweza kupandisha presha ya macho au kuleta mtoto wa jicho.

Usipake kwenye chunusi, tetekuwanga, mkanda wa jeshi, malengelenge ya mdomoni au sehemu za siri, hivyo ni virusi (chunusi sio, lakini nayo inachafuka) na steroidi inavipa nafasi. Usipake kwenye vidonda vilivyo wazi wala kuungua moto, usitie sikioni, neomaisini na gentamisini zikipita kwenye ngoma ya sikio iliyotoboka zinaweza kuharibu usikivu. Mapunye ya kichwani kwa watoto hayatibiki kwa kupaka, fangasi ziko ndani ya shina la nywele, pale ni vidonge kama griseofulvini kwa maelekezo ya daktari. Fangasi za kucha vilevile, krimu haipenyi.

Na upele, ule wa kuwasha usiku, katikati ya vidole, kwenye viwiko, kitovuni, nyumba nzima mnajikuna? Huo ni wa vidudu, tatu kwa moja itawapunguzia muwasho wakati vidudu vinazaana. Unatibiwa kwa dawa yake kama benzili benzoeti, na mnapaka wote wa nyumba hiyo siku moja hata asiyejikuna, nguo na mashuka yafuliwe yaanikwe juani.

Kingine, baka lililofifia rangi, haliwashi, ukilipitisha pamba huku umefumba macho husikii kitu. Usilipake chochote. Nenda kituo cha afya wakuangalie kama ni ukoma, upo bado, unatibika, na matibabu yake ni bure. Kulipaka steroidi ni kuchelewesha tu huku neva zinaharibika.

Watoto. Hapa nakuwa mkali kidogo, mnisamehe. Mtoto mchanga amebabuka makalio kwa pampasi, mama anakuja "nipe ile niliyompa dada yake." Ngozi ya mtoto ni nyororo, mwili wake mdogo, halafu pampasi inafunika kama ile bandeji niliyoikataza, dawa inaingia kwenye damu. Mtoto akipakwa muda mrefu mashavu yanajaa, uso unakuwa wa duara, mtaani wanamsifia amenona, kumbe ni steroidi, na tezi zake zinazotengeneza homoni ya aina hiyo zimezubaa. Maelezo ya krimu ya betamethasoni na klotrimazoli ya Marekani yanasema haishauriwi kwa walio chini ya miaka 17 wala kwa wekundu wa nepi. Kwa makalio ya mtoto badilisha pampasi mara nyingi, osha kwa maji, kausha, mwache apate hewa, paka krimu ya zinki oksidi, na kama kuna vipele vyekundu vimeingia mpaka kwenye mikunjo mpeleke aangaliwe, huenda atapewa klotrimazoli tupu. Mjamzito na anayenyonyesha semeni kabla ya kununua, na kwenye chuchu usipake.

Mbadala wa bei ndogo upo. Kwa choa cha mwilini na fangasi za nyayo, mbali na klotrimazoli, kuna ile Whitfield, mchanganyiko wa asidi ya benzoiki asilimia 6 na ya salisiliki asilimia 3, ni dawa ya tangu 1907 na jina ni la daktari Arthur Whitfield wa Uingereza. Inanuka dawa dawa, haina boksi la kuvutia, lakini inafanya kazi. Kinenani na usoni usiithubutu, itakuunguza.

Kwa aliyekwisha kuizoea, miezi na miezi, hasa usoni, ukiacha ghafla ngozi inaweza kulipuka, wekundu, kuwaka, vipele, na ndo hapo watu wanairudia wakisema "ngozi yangu imeikubali hiyo tu." Sio imeikubali, imeitegemea. Usirudie na usihangaike peke yako, nenda kwa daktari wa ngozi akupangie namna ya kushuka, mara nyingine kwa kupunguza taratibu au kubadilishiwa nyepesi. Kaskazini mko karibu na kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi pale hospitali ya KCMC Moshi, kipo tangu 1992 na kimefundisha wataalamu waliosambaa mikoani, kwaiyo hata hospitali yako ya mkoa uliza kama wana mtu wa ngozi. Ukiwa umepaka muda mrefu eneo kubwa na sasa unajisikia kuchoka sana, kizunguzungu, kutapika, usisubiri, nenda siku hiyo hiyo. Vilevile kama baada ya kupaka panazidi kuwasha na kuvimba, acha, neomaisini inajulikana kwa kuleta aleji ya ngozi na watu wanadhani ugonjwa umeongezeka wanazidisha dawa.

Na fangasi zikikurudia rudia japo unatumia dawa ipasavyo, pima sukari, pima na VVU. Saa nyingine ngozi inaongea kabla ya mwili.

Kabla ya kupaka mara ya kwanza, piga picha sehemu yenyewe kwa simu, mchana, karibu na dirisha, moja ya karibu na moja ya mbali. Ukishapaka sura inabadilika, na daktari atakayekuona baadae ile picha itamsaidia kuliko maelezo yako yote. Kama umepangiwa kukwanguliwa ngozi ikapimwe fangasi, uliza kwanza uache kupaka siku ngapi, vinginevyo majibu yanaweza kutoka hamna kitu. Tyubu andika tarehe uliyoifungua kwa kalamu, ihifadhi pasipo joto, sio juu ya friji wala kwenye dashibodi ya gari, na ikibaki baada ya tiba usimpe jirani mwenye muwasho, hata akikuomba vizuri. Muwasho wake sio wako.